Maswali ya Wasomaji: Nimeomba, Mbona Moyo Hautulii?

Barua tulizopokea safari hii zinatoka kwa watu tofauti, lakini karibu zote zina kilio kimoja: mtu anaamini, anasali, anakwenda ibadani, na bado siku inampita akiwa na moyo uliokunjamana. Tumejibu saba. Mafungu ya Biblia tuliyonukuu ni ya tafsiri ya Union.

Naomba kila asubuhi, nainuka na wasiwasi zaidi

*Bwana asifiwe. Kila siku naamka saa kumi na moja alfajiri kuomba. Naeleza deni, ada ya mtoto, afya ya mzazi wangu. Nikisema amina, moyo unadunda kuliko nilipopiga magoti. Nakosea wapi?*

Bwana asifiwe sana, ndugu. Kuamka kwako si bure, usiache. Ila jipime kwa haki: katika muda huo, ni dakika ngapi unaongea na Mungu, na ngapi unaongea na deni? Wengi wetu huanza vizuri, "Ee Baba uliye mbinguni", na kufikia sentensi ya tatu tumeshaingia kwenye hesabu: nikimlipa huyu nitabaki na nini, yule akikataa nitamwambia nini. Hapo mtu anawaza tu, ila amepiga magoti.

Fungu linalotajwa sana katika jambo hili ni Wafilipi 4:6-7: "Msijisumbue kwa neno lolote, bali katika kila neno kwa kusali na kuomba, pamoja na kushukuru, haja zenu na zijulikane na Mungu. Na amani ya Mungu, ipitayo akili zote, itawahifadhi mioyo yenu na nia zenu katika Kristo Yesu." Paulo aliandika hayo akiwa kifungoni. Na hilo neno "itawahifadhi", kwa Kigiriki, ni neno la askari wanaolinda mji. Filipi ilikuwa koloni la Kirumi ambamo wanajeshi wastaafu walipewa makazi, kwa hiyo wasomaji wake walilielewa papo hapo. Askari akiwa langoni haina maana kwamba nje kumetulia. Usiipime amani kwa mapigo ya moyo wako dakika moja baada ya amina. Ipime jioni, kwa kuangalia kama wasiwasi ndio uliokuongoza siku nzima.

Sasa jaribu hivi kwa wiki mbili. Chukua daftari na utenge dakika 15. Tatu za kwanza usiguse haja hata moja. Soma zaburi fupi kwa sauti (ya 121 ina mistari 8 tu), kisha mwambie Mungu jambo moja ambalo zaburi hiyo imesema juu yake yeye. Huko ndiko kusali, kumwelekea yeye kwanza.

Halafu andika haja zako, kila moja mstari mmoja, zisizidi tano. Andika kitu kamili. "Deni" bado si haja, ni kichwa cha habari. "Naomba nipate awamu ya mwezi huu kabla ya tarehe 30, na ujasiri wa kumpigia mdai leo" ni haja. Iombee kila moja mara moja tu. Mkabala wake andika shukrani moja ya jambo hilohilo, si shukrani ya jumla: kwamba mdai bado anapokea simu zako, kwamba mzazi amelala usingizi jana. Mwisho, kando yake, andika hatua utakayoichukua leo. Kama hakuna, weka kistari. Kistari hicho kina maana: leo hili si langu.

Funga daftari. Ifikapo saa nne asubuhi wasiwasi utarudi, na usishtuke. Kosa ni kufungua kikao upya. Sema kwa pumzi moja, "Bwana, lile la mstari wa pili liko kwako," uendelee na kazi. Petro anasema "mkimtwika yeye fadhaa zenu zote" (1 Petro 5:7), na Kiswahili kimetupa neno zuri hapo. Kumtwika mtu ni kumpandishia mzigo kichwani. Ukishamtwika, mikono yako inatoka. Ukiendelea kuushikilia, mtakuwa wawili mnaoyumba chini ya mzigo mmoja.

Jambo linaloharibu zoezi hili mara nyingi ni safu ile ya mwisho. Mtu huomba wiki tatu juu ya simu ambayo hajaipiga. Mstari wa 9 wa sura hiyohiyo unasema "yatendeni hayo, na Mungu wa amani atakuwa pamoja nanyi". Piga hiyo simu.

Nina mtoto mchanga, ibada imekufa

*Mtoto ana miezi minne. Zamani nilikuwa na nusu saa yangu na Mungu kila asubuhi. Sasa hata dakika tano sina, najiona nimerudi nyuma kiroho.*

Hongera, mama. Hujarudi nyuma. Hakuna andiko linaloamuru nusu saa. Ulikuwa na utaratibu mzuri uliofaa msimu ule, na msimu umebadilika.

Chagua mstari mmoja kwa wiki nzima. Uandike kwa herufi kubwa, ubandike pale unaponyonyeshea, ili usihitaji mkono wa pili kuusoma. Anza na Zaburi ya 131, yenye mistari 3: "Hakika nimeituliza nafsi yangu, na kuinyamazisha. Kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake." Iangalie picha hiyo kwa karibu, maana wewe unaijua kuliko wachungaji wengi. Wako bado anakuja kifuani akitafuta maziwa, anahangaisha kichwa mpaka apate. Aliyeachishwa anapakatwa palepale, kifua kilekile, lakini hatafuti kitu; ametosheka kwamba mama yupo. Daudi anasema nafsi yake imefundishwa kukaa hivyo mbele za Mungu.

Usiku, kila unapoamka kunyonyesha, mwombee mtu mmoja kwa jina. Usiku wa kuamka mara tatu ni watu watatu. Simu iache mbali na kitanda, kwa sababu ndiyo inayomeza dakika hizo. Mara moja kwa wiki, mwenzako au ndugu ampokee mtoto kwa dakika 30. Ukiishia kusinzia badala ya kusali, usijilaumu. Mwili wako ulikuwa na deni la usingizi.

Kazi yangu haina maana mbele za Mungu

*Nina miaka 31. Kazi yangu ni kuingiza takwimu kwenye kompyuta, asubuhi hadi jioni. Nahisi Mungu ameniumba kwa jambo kubwa zaidi. Nifikirie kuacha niende chuo cha Biblia, nimtumikie kweli?*

Neno moja katika barua yako ndilo linalotutia shaka: "kweli". Umeshakubali kwamba kuna utumishi wa kweli, wa madhabahuni, na kwamba huo wa kwenye kiti chako ni wa bandia. Imani ya Kikristo haifundishi hivyo.

Wakolosai 3:23 inasema, "Lolote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana, wala si kwa wanadamu." Rudi mstari mmoja nyuma uone walioambiwa ni akina nani: watumwa. Watu ambao hawakuichagua kazi yao, hawakulipwa, na hawakuwa na pa kuhamia. Paulo anawaambia mstari unaofuata, "mnamtumikia Bwana Kristo". Ikiwa kazi yao ilihesabiwa, yako inahesabiwa. Martin Luther, katika karne ya 16, alilisisitiza sana jambo hili: wito si mali ya watawa na mapadri peke yao; fundi, mama wa nyumbani na mkulima wana wito wao, na kupitia mikono yao Mungu huwatunza watu. Tunaposema "utupe leo riziki yetu", jibu linapitia kwa aliyelima, aliyesaga na aliyesafirisha. Na kwa aliyeandika takwimu bila kukosea, maana ghala lisilo na hesabu sahihi huwaacha watu na njaa.

Kwa hiyo, kabla ya kufikiria chuo, fanya mambo haya kwa miezi mitatu. Fuatilia takwimu zako zinakwenda wapi. Uliza kazini: nani anazisoma, anaamulia nini, ikikosewa tarakimu moja nani anaumia? Ukimpata mtu wa mwisho kwenye mnyororo huo, mwombee kabla hujawasha kompyuta, sentensi moja inatosha. Kisha weka vituo vya maombi ndani ya siku: unapoketi, kabla ya chakula, unapofunga kazi. Pale unapofunga, jiulize ni wapi leo umefanya kama kwa Bwana na ni wapi umelipua. Ulipolipua, rekebisha kesho asubuhi kabla ya lingine.

Usitegemee hisia zitafuata haraka. Bruda Laurent, mtawa wa shirika la Wakarmeli huko Paris katika karne ya 17, anakumbukwa kwa jinsi alivyozoea kukaa mbele za Mungu katikati ya masufuria ya jikoni, kazi ambayo kwa asili yake hakuipenda. Lakini yeye mwenyewe alieleza kwamba miaka 10 hivi ya mwanzo aliteseka sana rohoni kabla ya kufikia utulivu huo. Watu hupenda kusimulia masufuria na kuisahau ile miaka.

Miezi mitatu ikiisha na hamu ya chuo bado ipo, ipime. Je, tayari unafundisha au kuhudumia watu sasa, bila cheo, na wanajengwa? Je, wanaokujua kanisani wameliona hilo bila wewe kuwaomba waseme? Je, unakimbilia kitu, au unakimbia kiti? Ikiwa majibu mawili ya kwanza ni hapana, subiri. Chuo hakitengenezi mzigo ambao mtu hakwenda nao. Ikiwa ni ndiyo, zungumza na mchungaji wako, uliza kama kuna masomo ya jioni au ya masafa, na usiandike barua ya kuacha kazi kwa moto wa mkutano wa injili. Ngoja angalau mwezi upite.

Na kuhusu "jambo kubwa": Waefeso 2:10 inasema tumeumbwa tutende "matendo mema" ambayo Mungu aliyatengeneza tangu awali "ili tuenende nayo". Mtu huenenda kwa hatua, na hatua ya leo ipo palepale ulipo.

Kila mwaka naanza kusoma Biblia yote, naishia njiani

*Januari naanza na Mwanzo kwa moto. Kufika Februari nimeachia. Huu ni mwaka wa nne. Tatizo ni nini?*

Tatizo ni hesabu na njia. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Kuimaliza kwa mwaka ni sura tatu na zaidi kila siku bila kukosa. Ukianzia Mwanzo unafika Kutoka 25, ambako maelezo ya hema la ibada la Waisraeli yanaanza: vitanzi, vitako, mapazia, vipimo kwa dhiraa. Baadaye ni Walawi yenye sura 27. Msomaji asiye na mwongozo hukwama hapo, siku mbili zikipita ana deni la sura saba, na deni la kusoma huua hamu kuliko uvivu.

Anza na Marko: sura 16, siku 16. Kisha Injili nyingine tatu. Zote nne zina sura 89, kwa hiyo sura moja kwa siku ni kama miezi mitatu. Ukiruka siku, usilipe. Soma ya leo uendelee. Baada ya kusoma, chagua mstari mmoja, uunakili kwa mkono, na chini yake andika sala ya sentensi moja inayotoka kwenye mstari huo. Mkono ukiandika, jicho halirukiruki. Agano la Kale utalifikia, na utakapokuta hema utakuwa umeshamjua yule ambaye hema lilimtangulia.

Naomba kama nazungumza na ukuta

*Nimeokoka miaka tisa. Miezi sita sasa sisikii chochote. Hata wakati wa sifa nasimama tu kama mgeni. Je, Mungu ameniacha?*

Hapana, dada. Lakini tusikuharakishe.

Kwanza angalia mambo ya wazi. Unalala saa ngapi? Kuna msiba au hasara ambayo hukuilia, uliambiwa tu "jipe moyo" ukarudi kwenye huduma? Uko kwenye kwaya, maombi ya katikati ya wiki na kamati mbili bila siku ya kupumzika? Kuna dhambi unayoijua kabisa, unayoizunguka kila unapoomba? Kila moja lina dawa yake, na dawa ya uchovu si kukemea pepo.

Ikiwa hakuna kati ya hayo, au hata kama yapo, jifunze sala ya maombolezo. Kitabu cha Zaburi kimejaa sala hizo, lakini ibadani huwa tunaimba za furaha tu, ndiyo maana mtu akipatwa na ukavu anadhani amekosa imani. Fungua Zaburi ya 13. Mistari 6. Daudi anauliza "hata lini" mara nne mfululizo: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Halafu anaomba: uangalie, uniitikie. Halafu anasema amezitumainia fadhili za Mungu. Hakuna mahali anaposema hali imebadilika. Na Zaburi ya 88 haifiki hata hapo; inaishia gizani, na bado imewekwa katika Maandiko ili tuiombe.

Andika ya kwako kwa mpango huo: mwite Mungu kwa jina, mlalamikie bila kupamba, mwombe jambo moja, kisha andika sentensi moja ya tumaini unayoweza kuisema bila kudanganya. Kama huna sentensi hiyo leo, acha nafasi wazi. Siku ambazo huna neno, sali Baba Yetu taratibu, ukituama kwenye kila ombi. Unaazima maneno ya Bwana mwenyewe.

Endelea kwenda ibadani, lakini mwambie kiongozi wako ukweli, na ukiwa mbele ya watu usiigize machozi. Tafuta mtu mmoja aliyekomaa wa kukutana naye kila wiki mbili. Anayekujibu haraka kwa mistari mitatu na kuondoka siye.

Kumeza dawa za msongo ni kukosa imani?

*Daktari ameniandikia dawa kwa sababu ya huzuni kubwa. Kiongozi wa maombi anasema nizitupe nisimame kwa imani.*

Usizitupe, na usiziache ghafla bila daktari. Baadhi yake zikikatizwa kwa mara moja huleta kizunguzungu, kukosa usingizi na kurudi kwa ugonjwa. Nyingi pia huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana, kwa hiyo "sioni tofauti" ya siku ya tano si sababu ya kuacha. Yakikusumbua madhara yake, mrudie aliyekuandikia.

Kuhusu imani, soma 1 Wafalme 19. Eliya amechoka hata anaomba kufa, akalala chini ya mretemu, mti mdogo wa jangwani. Malaika hakuanza na mahubiri. Aliweka mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwamsha ale. Eliya akala, akalala tena, akaamshwa, akala mara ya pili. Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye, baada ya safari ya siku 40. Luka aliyeandamana na Paulo anaitwa "tabibu mpendwa" (Wakolosai 4:14), na hakuna mahali alipoambiwa autupe ujuzi wake. Omba, uombewe, na umeze dawa; shukrani kabla ya kidonge ni sala kamili.

Mawazo ya kujidhuru yakikujia, usisubiri siku ya ibada. Mwambie mtu leo, akae nawe, na akupeleke hospitali leo.

Naamka saa nane usiku, silali tena

*Mawazo yananijia yote kwa pamoja. Niamke nikeshe?*

Ukiwa umepanga kukesha, kesha. Lakini usigeuze kila kukosa usingizi kuwa vita ya kiroho, utazidi kuamka. Usishike simu. Weka karatasi na kalamu kando ya kitanda. Wazo linalodai lishughulikiwe liandike neno moja, kwamba ni la asubuhi. Kisha sema Zaburi 4:8 polepole pamoja na pumzi: ukivuta, "Katika amani nitajilaza", ukitoa, "na kupata usingizi mara". Kama dakika 20 hivi zimepita na macho ni makavu, ondoka kitandani, keti penye mwanga hafifu, soma zaburi moja kwa kunong'ona, hata ileile ya jana. Kope zikianza kuwa nzito, rudi ulale, hata kama hujafika amina.